Dhahabu Juu ya Sidii

Maji yalipoondoka yalituachia tope. Tope kwenye masufuria, tope kwenye viatu, tope mpaka ndani ya kabati zilizofungwa kwa ufunguo. Kila asubuhi watu wa Bang Sano, kwetu kando ya mto, tuliamkia kazi ile ile: kuzoa, kusugua, kuanika. Ukutani kulibaki mstari wa kahawia, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Hapo ndipo mto ulipofika mwaka ule.

Jirani yangu Bi Lamduan alisugua kama sisi wote, ila yeye alikuwa na msiba juu ya mafuriko. Mumewe, Mzee Thongyu, alifariki mvua zikiwa kali, siku chache kabla mto haujafurika. Tulimchoma hekaluni, kama ilivyo desturi yetu, ila harakaharaka, maji yakiwa yameshafika kwenye ngazi. Watawa walisoma sala huku wakiyatazama maji kwa jicho la pembeni. Hakukuwa na tari, hakukuwa na wimbo. Mtu aliyeimbia harusi na mazishi ya wilaya nzima aliondoka kimya kimya kama mgeni. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Mzee Thongyu alikuwa mwimbaji wa lamtat. Hizo ni nyimbo za vijembe. Wanaume wanakaa upande huu na matari yao, wanawake upande ule, halafu wanarushiana maneno mpaka upande mmoja ukose jibu. Miaka yote aliyekuwa akimjibu ni mkewe huyo huyo. Mume akimwita mdomo wa bata, mke anamwita tumbo la mtungi. Watu wanavunjika mbavu kwa kicheko. Wawili hao wakirudi nyumbani wanaendelea, na sisi majirani tunasikiliza bure.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na Bi Lamduan ni mwanafunzi wangu. Siku tuliyofungua darasa tena, aliwahi kufika kabla ya wenzake. Alikaa, akatazama mikono yake.

"Mwalimu, nikwambie kitu. Usinicheke."

"Sema, mama."

"Nimeanza kuisahau sauti ya Thongyu."

Nikavuta kiti karibu naye.

"Uso naukumbuka, maana picha ipo," akasema. "Lakini sauti inanikimbia. Jana nilijaribu kuisikia kichwani, nikasikia sauti ya mtangazaji wa redio. Miaka yote ile nimelala na mtu, halafu namsikia mtangazaji!"

"Si mwanao Wichian alimrekodi mwaka jana?"

"Alimrekodi, kwenye kompyuta. Wala sikusikiliza. Nilimwambia, wewe nakusikia kutwa kucha, nikusikilize tena kwenye mashine, nina wazimu?" Akajifuta macho na ncha ya kitambaa. "Sasa siku ya mia tangu afariki inakaribia. Tutawalisha watawa, tutamwombea. Nataka siku hiyo asikike pale hekaluni. Aondoke kama mwimbaji. Na mimi nimsikie, hata mara moja."

Basi, jambo lenyewe lilikuwa hilo. Hakuomba nyumba mpya wala godoro. Aliomba sauti.

Jioni nikaenda kwao kumwona Wichian, mwanawe. Wichian ana moyo mzuri, lakini mikono yake hutangulia akili. Nilimkuta uani anaanika samaki. Walikuwa wamepasuliwa na kupangwa kwenye ungo mkubwa, chumvi inameta juu yao. Katikati ya samaki kulikuwa na kitu cha duara, kinang'aa kama kioo cha kujitazamia.

"Na huyu ni samaki gani?" nikauliza.

"Aa, Mwalimu, hiyo ni diski ngumu ya kompyuta. Sauti ya baba imo humo. Kompyuta ilikuwa chini, ikalala majini zaidi ya mwezi. Nimeifungua kwa bisibisi, nimeisugua kwa sabuni mpaka imetakata, sasa naikausha. Samaki wakikauka, na yenyewe itakuwa imekauka."

Nyuma yangu mtu akasema, "Mungu wangu!"

Alikuwa Orathai, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Orathai ni fundi mkuu katika kiwanda kimoja cha kutengeneza diski za kompyuta. Kazi yake ni kuzikagua zilizokataa kufanya kazi. Kiwanda chao nacho kilizama, kwa hiyo siku zile alikuwa nyumbani akingoja kuitwa. Alikuja kurudisha ndoo. Aliiweka chini taratibu.

"Wichian, mdogo wangu, nani kakutuma kuiosha?"

"Ilikuwa na tope, dada! Ningeiacha na tope?"

"Ndiyo. Ungeiacha."

Wichian akacheka. Alipoona Orathai hacheki, kicheko kikamfia mdomoni. Bi Lamduan akatoka ndani, bado ameshika brashi.

"Kuna nini?"

"Mama, keti kwanza," Orathai akasema. Akaiinua ile sahani kwa kuishika ukingoni, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na mikwaruzo ya duara, mingine mipana kama ukucha. "Sahani hii imepakwa utando mwembamba sana wa kitu kinachoshika sumaku. Utando huo umegawanyika vijisehemu vidogo mno, jicho halivioni. Kila kijisehemu ni kama sindano ya dira. Kinaelekezwa huku, au kinaelekezwa kule. Basi, kompyuta haijui zaidi ya hayo mawili."

"Na sauti ya mume wangu?"

"Kompyuta imeigeuza kuwa huku, kule, kule, huku, mamilioni kwa mamilioni. Ikitaka kuimba, inavisoma kwa mpangilio ule ule, inairudisha kuwa sauti."

"Kwani tope linaondoa sumaku?" Wichian akauliza. "Maji si sumaku."

"Swali zuri. Maji peke yake hayaiondoi. Diski ingebaki imefungwa vile vile, huenda wataalamu wenye mashine zao wangeokoa kitu. Lakini tazama." Akamwonyesha kijikono chembamba cha chuma kilichobaki ndani ya kisanduku cha diski, kando ya ungo. "Hiki ndicho kinachosoma. Sahani inazunguka kwa kasi, na chenyewe kinapaa juu yake bila kuigusa. Nafasi iliyopo hapo katikati, hata moshi wa udi haupiti vizuri. Ndiyo maana kazini tunavaa nguo nyeupe mpaka machoni. Siku yangu ya kwanza nilimsalimia bosi nikidhani ni shoga yangu, nikampiga kofi la mgongo."

Hakuna aliyecheka. Orathai akashusha sauti.

"Wewe umeifungulia uani, Wichian. Umesugua mchanga juu ya utando. Ulipokwaruza, vile vijisehemu vimeng'oka, na sauti iliyokuwa pale imekwenda navyo."

"Kwa hiyo nimemuua baba mara ya pili," Wichian akasema.

"Nyamaza, mjinga wewe!" mama yake akamfokea. Halafu akaketi kwenye ngazi na brashi yake, akalia. Nzi wakatua kwenye samaki, wala hakuna aliyewafukuza.

Orathai akairudisha sahani kwenye ungo. Halafu akasema, "Siku nyingine, diski ikiloa, sikilizeni. Usiiwashe. Usiifungue. Usiikaushe, maana tope likikaukia ndani linashika kama saruji. Izungushie kitambaa chenye unyevu, itie kwenye mfuko wa nailoni, upeleke kwa wanaojua kazi hiyo. Tena ujue kwamba hata hao wakati mwingine hushindwa."

Wichian alikuwa ametazama chini muda wote. Ghafla akainua kichwa.

"Mama! Sidii! Si nilikuchomea sidii ya nyimbo zile zile? Nikampa baba, baba akakupa wewe!"

Bi Lamduan akafuta pua. "Ipo. Ipo juu, kwenye rafu ya sala. Maji hayakufika."

Mngeona jinsi yule mama alivyopanda ngazi zile. Wichian alimfuata mbio. Mimi na Orathai tukabaki chini tukiokota samaki walioanguka. Nilijisemea, afadhali, Mungu si Athumani. Tukanawa mikono, tukapanda polepole. Laiti tungepanda mbio.

Sharti nieleze kidogo. Huku kwetu waimbaji wanamheshimu sana mwalimu aliyewafundisha. Kila mwaka wanaleta vinyago vya walimu wa zamani, wanavipaka maji ya manukato, wanavibandika vikaratasi vya dhahabu. Mzee Thongyu alikuwa mwalimu wa waimbaji wengi. Kwa hiyo alipofariki, Bi Lamduan aliitazama ile sidii, akaona hapa ndipo mwalimu alipobaki. Akaipandisha juu kabisa, karibu na sanamu ya Buddha. Akaibandika dhahabu. Tangu hapo kwake ikawa kitu cha sala kama vile vinyago, hata hakuwaza kwamba inaweza kupigwa. Ili isidondoke, akatanguliza gundi. Alijua upande unaong'aa ndio wenye sauti, hakuthubutu kuugusa. Alibandika upande wa pili, wenye maandishi ya kalamu tu. Nani angemlaumu? Hata mimi ningefanya hivyo.

Tulipofika juu, Wichian alikuwa amechuchumaa sakafuni na kisu cha kumenyea embe.

"Haingii kwenye mdomo wa mashine," akasema bila kutugeukia. "Dhahabu imeifanya nene. Naikwangua kidogo tu upande huu usio na kitu, halafu…"

"Acha!" Orathai akapiga ukelele. "Acha hapo hapo! Weka kisu chini!"

Kisu kikaanguka. Bi Lamduan akashika kifua.

Orathai akaichukua ile sidii kwa vidole viwili, akaielekeza dirishani. Ukingo wa nje, nusu nzima ya sidii, ulikuwa kama kioo cha dirisha. Tuliona mti wa nje kupitia hapo. Sakafuni kulikuwa na vipande vyembamba vya dhahabu, na upande wa chini wa vipande hivyo ulikuwa wa fedha, unang'aa.

"Lakini huo ni upande wa maandishi!" Wichian akasema. "Upande wa sauti sijaugusa, dada, naapa."

"Najua. Wengi wanadhani hivyo." Orathai naye akakaa sakafuni. "Diski ngumu inatunza kwa sumaku. Hii inatunza kwa mwanga. Ulipoichoma, mashine ilimulika miali ya leza kwenye utando wa rangi, ikaacha alama ndogondogo. Pana alama, hapana alama. Tena mambo mawili tu. Ukiichezesha, leza nyingine dhaifu inapita juu ya alama, mwanga unarudishwa na kioo, na mashine inasoma."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa liko mahali utando ulipo. Huu upande unaong'aa ni plastiki nene. Ukipata mkwaruzo mdogo, unaweza hata kusuguliwa ukapona. Lakini alama na kioo viko juu kabisa, chini tu ya maandishi. Juu yake kuna vanishi nyembamba kama rangi ya kucha. Upande mnaouona hauna kitu ndio wenye roho. Gundi iliushika. Ulipokwangua dhahabu, ulikwangua kioo na alama zake."

Bi Lamduan akaokota kipande kimoja cha dhahabu. Akakiweka kwenye kiganja, akakitazama upande wa dhahabu, akakigeuza upande wa fedha.

"Yumo humu?" akauliza.

"Alikuwemo, mama."

"Anaweza kurudi?"

"Hawezi. Samahani."

Wichian akatoka nje.

Wallahi, sijawahi kuona chumba kizito kama kile. Bi Lamduan hakulia tena. Aliokota vipande vyote kimoja kimoja, akavitia kwenye bakuli la kuwekea vijiti vya udi. Orathai naye alikuwa bado anaichunguza sidii dirishani.

"Mama," akasema mwishowe. "Sidii haisomwi kama watu wanavyodhani. Inaanzia ndani, hapa karibu na tundu, inazunguka ikitoka nje. Hapa ndani bado pazima. Alichosema mwanzo huenda kimebaki. Ila dhahabu hii isiguswe tena. Nitaondoa iliyonyanyuka tu, na kompyuta yangu ina trei, itaimeza."

Akaenda kuileta. Tukamwita Wichian. Akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Orathai akaiweka sidii taratibu kwenye trei, akaisukuma. Mashine ikavuma, ikakwama, ikavuma tena. Bi Lamduan alikuwa amefumba macho.

Tukasikia mtu akikohoa. Halafu tari, du, du, anaipasha moto.

"Lamduan! Zima hiyo feni, inaingiza kelele."

Ni yeye. Loo! Ni yeye mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa tumbaku.

"Zima, bwana. Haya. Mbona umenuna? Umenuna? Wichian, mtazame mama yako, mdomo huo unaweza kutundika kapu. Ngoja, wewe. Wimbo wa mwisho ni wako. Usiondoke mpaka wimbo wa mwisho."

Kisha akaimba wimbo wa kwanza, wa kusalimia walimu, wote mzima. Wimbo wa pili ukaanza, ukafika katikati, ukaanza kurukaruka, ukakatika. Mashine ikavuma bure. Orathai akaizima.

"Wimbo wa mwisho uko wapi?" Bi Lamduan akauliza, ingawa alikuwa anajua. Bakuli la vipande vya dhahabu lilikuwa miguuni pake.

Orathai hakungoja kesho. Pale pale alinakili kile kilichobaki. Alikiweka kwenye kompyuta yake, akakiweka kwenye flashi mbili, akachoma sidii nyingine mpya. "Kitu kikiwa mahali pamoja tu, hesabu kwamba kimeshapotea," alituambia. "Weka nakala tatu. Zisiwe za aina moja, maana sumaku ina adui zake na mwanga una adui zake. Na moja ikae mbali, mahali ambapo mto wenu haufiki."

Flashi moja ikapelekwa kwa dada yake Bi Lamduan, huko Khorat, kwenye nyanda za juu. Moja ikawekwa hekaluni. Sidii mpya ikakaa kwenye kasha lake, imesimama, mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha ule utando wa rangi. Jina la mzee liliandikwa kwa kalamu laini, tena karibu na tundu, mahali pasipo na sauti. Haikubandikwa karatasi, haikubandikwa dhahabu. Bi Lamduan sasa anabandika dhahabu kwenye fremu ya picha ya mumewe.

Siku ya mia ilifika na baridi. Tuliwapikia watawa mchuzi wa samaki na wali, tukapanga maua. Baada ya sala, Orathai akafungulia spika. Mzee Thongyu akakohoa hekaluni. Watu wakashtuka, wengine wakacheka machozi yakiwatoka. Aliposema, "Umenuna?", Bi Lamduan akajibu kwa sauti kubwa mbele ya watawa, kama zamani jukwaani, "Ninune kwa lipi, tumbo la mtungi wewe?" Hekalu zima likapiga makofi. Wimbo ukaisha, spika ikanyamaza, na makofi nayo yakaisha.

Wichian akasogea mbele, akapiga magoti karibu na mama yake. Hajui kuimba huyu, sauti yake ni kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mama, ule wimbo wa mwisho wewe ulikuwa umeshaondoka, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nabonyeza mashine, sikusikiliza vizuri. Nimejaribu kukumbuka wiki zote hizi. Nimepata mistari miwili tu."

"Imba."

"Sijui kuimba."

"Imba, nimesema."

Akaimba, uso umemwiva:

"Nikitangulia, Lamduan, feni usiizime tena.
Nikipita nje gizani, kwa mlio wake nitaijua nyumba yetu."

Bi Lamduan akamfuta mwanawe jasho usoni. Kisha akamwambia Orathai, "Mrekodi huyu. Na ubaya wa sauti yake. Nakala tatu."

Siku hizi kila mwisho wa mwezi watu wa Bang Sano huja darasani kwangu na picha zao za harusi, hati zao za mashamba, na sauti za wazee wao. Orathai, hata baada ya kiwanda kufunguliwa, anakuja kuwaonyesha jinsi ya kunakili. Kila mwaka tunazifungua nakala zote, tuone kama bado zinasoma. Sidii ile ya zamani bado ipo kwa Bi Lamduan, nusu dhahabu, nusu wazi. Vijana wakimuuliza, anawaonyesha upande upi ni wa kuogopa.

Jioni ile ya siku ya mia nilimsindikiza nyumbani. Kulikuwa na baridi, sote tumejifunika shuka. Aliingia ndani, akavua viatu, akaenda moja kwa moja ukutani, akawasha feni.

"Utapata mafua," nikamwambia.

"Acha izunguke," akasema.